Redio ya Karani wa Changamwe

Katika Likoni, kando ya njia iendayo Mtongwe, yupo mzee mmoja ambaye tangu ujana wake kazi yake ni kutengeneza redio. Sasa umri wake umepata miaka 75, na wateja wake ni wachache. Vijana humjia na simu zilizovunjika vioo, naye huwaelekeza kwa mjukuu wake, mwenye meza yake hapo hapo barazani. Meza ya mzee ni ile ya dirishani. Juu yake pana pasi ya kulehemu, mita ya kupimia umeme yenye sindano, na kopo kubwa la biskuti lililojaa valvu zilizofungwa moja moja katika vipande vya gazeti, kama mayai.

Mwezi wa Februari mwaka 2023 alifika mwanamke mmoja, mwalimu aliyestaafu, akitoka Changamwe. Alikuwa amebeba redio kubwa ya mbao iliyofungwa kwa kanga, naye aliipakata njia nzima, matatuni na kivukoni pia, asikubali kuiweka chini penye miguu ya watu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama. Karibu, kaa kitako. Huyo uliyemleta ni mgonjwa au ni maiti?"

"Mgonjwa, inshallah. Alikuwa wa baba yangu."

Akaeleza kwamba marehemu baba yake alikuwa karani katika Reli na Bandari za Afrika ya Mashariki, na redio hiyo aliinunua mwaka 1958, alipopewa nyumba yenye umeme huko Changamwe. Wakati huo sehemu kubwa ya bara ya Mombasa ilikuwa gizani, na redio ya umeme haikuwa ya kila nyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 majirani walijaa barazani hata ngazini ili wasikilize bendera ya Uhuru ikipandishwa Nairobi. Mwezi mmoja baadaye, Januari 1964, walijaa tena, lakini safari hiyo hapakuwa na vifijo: kutoka redio ya Unguja ilikuwa ikisikika sauti ya John Okello, na wengi wa waliokuwa wakisikiliza walikuwa na ndugu zao Unguja na Pemba. Mwalimu alikuwa mtoto wa miaka mitatu tu, lakini mama yake alimsimulia mara nyingi jinsi watu walivyokaa pale pasipo kusema neno hata mafuta ya taa za kuendea nyumbani yakawaishia.

Redio ilinyamaza mwaka 1984, na karani alifariki mwaka 2004. Sasa nyumba inapakwa rangi, na wajukuu walitaka kuitupa pamoja na magodoro mabovu.

"Mimi sitaki pambo la sebuleni, Fundi," akasema yule mwalimu. "Nataka iseme."

Fundi akamwambia arudi baada ya juma moja.

Yafaa msomaji ambaye hakuziona redio hizo ajue kidogo habari zake. Valvu, ambayo wengine waliiita taa ya redio, ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa yote. Ndani yake mna uzi unaowaka moto. Moto huo hupasha kathodi, na kathodi hutoa chembe za umeme zinazorukia bamba lililo mbele yake. Kati ya hivyo viwili pana wavu mwembamba wa waya. Umeme mdogo ukiguswa kwenye wavu huo, mkondo mkubwa unaokwenda kwenye bamba huongezeka au hupungua vile vile, na hivyo ndivyo mnong'ono uliotoka hewani hukuzwa hata ukajaza chumba. Mwisho wa valvu ni kuchoka kwa kathodi, au kukatika kwa uzi, au kuingiwa na hewa.

Na kila valvu ina jina lake, ambalo kwa fundi si jina tu bali ni barua nzima. Katika valvu za Ulaya, herufi ya kwanza hutaja moto wake: E ni volti 6.3, D ni volti 1.4 za betri kavu, U ni zile zilizopangwa mstari mmoja zenye miliampea 100. Herufi inayofuata hutaja kazi, na tarakimu ya kwanza hutaja kitako. Kwa hiyo aonaye EL84 hujua kwamba ni valvu ya volti 6.3, ya kusukuma spika, yenye kitako kidogo cha miguu tisa. Wamarekani huiita valvu hiyo hiyo 6BQ5, na Warusi 6P14P. Fundi asiyejua hayo humrudisha mteja nyumbani mikono mitupu, kumbe valvu anayoitafuta iko dukani kwa jina jingine.

Lakini kubadilisha si kulinganisha miguu tu. Redio za betri, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi Kisauni na huku Likoni, ziliwafunza mafundi somo hilo kwa hasara. Valvu za betri za jamaa ya 91, kama DF91, zilitumia miliampea 50 kwa kuwasha uzi wake. Zikaja za jamaa ya 96, kama DF96, zilizotumia 25 tu, nusu yake, ili betri idumu. DF96 huingia katika soketi ya DF91 bila taabu. Ikiwa nyuzi za redio hiyo zimepangwa kila moja peke yake juu ya betri, hapana ubaya. Ikiwa zimepangwa mstari mmoja, umeme ukipita wote katika kila valvu, ile mpya hulazimishwa kubeba mara mbili ya kiasi chake, na hukatika. Wala hapana haja ya kutaja masikini waliochomeka waya wa betri kubwa ya volti 90 mahali pa ile ndogo. Valvu zote nne zilikufa kwa kufumba na kufumbua, na bei ya valvu nne ilikaribia bei ya mbuzi.

Basi usiku ule, mjukuu alipokwisha kufunga meza yake, mzee akatoa ubao wa nyuma wa redio, akaondoa vifundo, akafungua parafujo, akavuta chesisi taratibu. Vumbi lilikuwa jekundu na zito. Valvu zilizotazamiwa zilikuwapo: ECH81, EF89, EBC81, na ile EM80 yenye jicho la kijani. Lakini soketi ya EZ80, valvu inayogeuza umeme wa ukutani uwe wa njia moja, ilikuwa tupu. Chini yake mtu alikuwa amelehemu dayodi mbili za silikoni.

Mzee alitikisa kichwa. Dayodi ni kitu chema na cha bei rahisi, lakini haina subira. EZ80 huhitaji nusu dakika kupata moto, na katika muda huo valvu nyingine nazo hupata moto. Umeme mkali unapofika huwakuta wenzake wameamka. Dayodi huutoa umeme wote mara swichi inapobonyezwa, wakati valvu zimelala na hapana anayeutumia, na volti hupanda kupita kiasi kilichokusudiwa. Kapasita kubwa za kulainisha umeme ndizo zilizobeba mzigo huo kila siku, hata moja ikapasuka. Utomvu wake ulikuwa umekauka juu ya chesisi kama gundi. Hiyo ndiyo sababu redio ilinyamaza.

Kisha akaangaza tochi upande wa pili. Palipopasa kuwa na kitako kidogo cha EL84, tundu lilikuwa limepanuliwa kwa tupa, na katika tundu hilo mlikuwa na kitako kikubwa cha miguu minane, na juu yake 6V6 ya Marekani. Akavuta taa karibu. Kila waya ulikuwa umezungushwa mara mbili kwenye mguu wake kabla ya kulehemiwa, na ncha zote zililala upande mmoja, kama zilalavyo zikifungwa na mtu wa mkono wa kushoto.

Mzee huyu hutumia mkono wa kushoto. Akaweka tochi chini, akakaa.

Mwaka 1967 alikuwa kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa kazi katika duka moja kisiwani, karibu na Barabara ya Salim, ambayo leo huitwa Digo. Mwezi wa Juni mwaka huo Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita, nao haukufunguliwa hata mwaka 1975. Meli za Ulaya zilizoizoea njia fupi zikawa hazina budi kuizunguka Afrika yote ndipo zifike Kilindini, na vitu vidogo kama valvu vikawa haba. Mwisho wa Desemba, Ramadhani ikiwa ukingoni, akaja karani mmoja wa Changamwe na redio yake. EL84 ilikuwa imekufa. Karani alitaka redio irudi kabla ya Idi, kwa kuwa nyumbani kwake ndiko majirani walikokuja kungojea habari ya mwezi.

Mwenye duka alikuwa amesafiri. EL84 haikuwapo dukani wala kwa jirani. Kijana akakumbuka redio moja ya Marekani iliyokuwa imelala nyuma ya duka bila mwenyewe, akaichomoa 6V6 yake. Kwa ufundi, wazo lile halikuwa baya, na mpaka leo mzee hawezi kulionea haya. Valvu zote mbili huwashwa kwa volti 6.3, EL84 hunywa ampea 0.76 na 6V6 hunywa 0.45 tu, kwa hiyo transfoma ilipata nafuu badala ya mzigo. Bamba la kila moja huvumilia wati 12. Transfoma ya spika inayoifaa moja huifaa na ya pili. Lililobaki ni kubadilisha kitako, na kuondoa rezista ya kathodi, iliyokuwa karibu omu 150, na kutia ya omu 270, kwa maana 6V6 hutaka wavu wake uvutwe chini zaidi. Tofauti ambayo sikio lingeisikia ni kwamba 6V6 ni nzito kuamka. Kifundo cha sauti hakina budi kuzungushwa mbele kidogo, na sauti yake ni laini, haina ukali wa EL84.

Redio ikasema. Karani akauliza bei. Kijana akaandika katika stakabadhi: valvu mpya, Shs. 18/-; kazi, Shs. 4/-. Zile nne akazitia katika kasha la duka. Zile 18 akanunua viatu vya Idi.

Mafundi wengi wa zama hizo walitia valvu kuukuu mahali pa mpya, na wapo waliofanya hivyo kila juma wakalala usingizi. Yeye hakupata kurudia. Wala hakupata kulisema jambo hilo kwa mtu yeyote.

Alipoinuka kuutazama ubao wa nyuma ndipo alipoiona karatasi. Ilikuwa imebandikwa kwa ndani, yenye mistari iliyopigwa kwa rula, na mwandiko ulikuwa wa karani hasa, herufi zimesimama sawasawa kama askari. Kila jambo lililoipata redio lilikuwa na tarehe yake na gharama yake: kununuliwa, leseni ya redio, uzi wa mshale uliokatika mwaka 1961, balbu ya kioo cha stesheni. Mwezi wa Desemba 1967 paliandikwa: "Valvu ya sauti. Shs. 22 pamoja na kazi. Imeandikwa mpya." Na chini yake, kwa wino mwingine: "Si mpya, wala si ile. Yasema vizuri."

Mstari uliofuata ulikuwa wa 1969. Mzee aliukumbuka. Karani alirudi dukani na redio ikikoroma, akaomba kwa jina aitwe yule kijana wa mkono wa kushoto. Kijana aliitazama ile 6V6, akaona bamba lake limeiva jekundu. Kufikia wakati huo alikwisha jifunza lile ambalo mwaka 1967 hakulijua: kwamba EL84 haikufa kwa uzee. Iliuawa na kapasita ndogo ya karatasi na nta iliyo mbele yake. Hewa ya pwani, yenye unyevu na chumvi, huiingia nta, na kapasita inayopasa kuzuia umeme mkali ikaanza kuvujisha. Umeme huo hufika kwenye wavu, na valvu hujimaliza kwa kufanya kazi pasipo breki. Atiaye valvu mpya na kuiacha kapasita ile ametia kuni motoni. Kijana akaibadilisha kapasita, akatoza bei ya kapasita peke yake. Karani alipokuwa akiondoka aligeuka mlangoni, akasema, "Na ile valvu yangu, kijana, yaendeleaje?"

"Njema, Bwana."

"Haya."

Ndiyo yote yaliyosemwa. Miaka hiyo yote mzee alidhani lilikuwa swali la mtu asiyejua.

Siku mbili hakuigusa redio. Karatasi ilikuwa imekauka, gundi imekwisha nguvu, na kuibandua kungekuwa kazi ya ukucha mmoja. Ubao wa miaka 65 ukikosa karatasi hapana atakayeuliza. Katika kopo la biskuti alikuwa na EL84 mbili, moja ya Kirusi, zote hazijatumika. Angeweza kuliziba tundu kwa bati, kurudisha kitako kidogo na rezista ya 150, na kazi ya mwaka 1967 ingefutika kabisa. Tena angesifiwa. Wakusanyaji wa redio za kale huko Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi kwa redio iliyorudishwa kama ilivyotoka kiwandani, na mtu aliyepanua tundu kwa tupa humhesabu kuwa mharibifu.

Siku ya tatu akaanza kazi. Dayodi akaziondoa, akarudisha EZ80. Kapasita zote za nta akazitoa, na zile kubwa zilizopasuka akaweka mpya. Kisha akaiunganisha redio na umeme kupitia balbu ya zamani ya wati 60, kama alivyofunzwa: ikiwa ndani mna hitilafu, balbu huwaka kwa nguvu na redio husalimika. Balbu za namna hiyo sasa ni adimu kuliko valvu, naye huificha ya kwake ili isitiwe chooni. Balbu ikawaka kidogo, ikafifia. Akazima. 6V6 alikuwa hajaitoa.

Mwalimu aliporudi, mzee alimpa kiti na kahawa, akamwekea ubao wa nyuma mapajani.

"Mwalimu, kabla sijaiwasha, soma hapa."

Akasoma. "Karatasi hii naijua. Baba aliandika kila kitu, hata bei ya mchele."

"Soma wa 1967."

Akausoma mara ya pili, kwa sauti ndogo.

"Huyo fundi ni mimi," mzee akasema. "Valvu ilikuwa kuukuu, nimeichomoa katika redio mbovu. Fedha nilinunua viatu."

Mwalimu akanyamaza. Mjukuu, kwenye meza yake, aliacha kufanya kazi, naye alikuwa hajui atazame wapi. Mzee akaendelea, maana kunyamaza kulikuwa kugumu zaidi: "Ninayo EL84 hapa, mpya kweli. Kesho naweza kuiweka, na redio itakuwa kama alivyoinunua marehemu. Na hizi hapa shilingi 18."

Mwalimu hakuzitazama zile fedha. Aliuliza, "Mimi nimezaliwa 1960. Sauti ninayoikumbuka ni ya ipi?"

Mzee akafikiri. "Mwaka 1967 ulikuwa na miaka saba. Nyingi uliyoisikia ni ya hii yangu."

"Basi usiitoe."

"Na fedha?"

"Zilikuwa za baba. Mimi sina idhini ya kuzipokea."

Hakulisema kwa hasira, wala hakulisema kwa upole. Mzee akazikusanya sarafu zile, akazirudisha mfukoni, na mkono wake ulikuwa mzito.

Akaiwasha redio. Kioo cha stesheni kikapata nuru ya manjano, lakini kwa nusu dakika hapakuwa na sauti. Kisha jicho la kijani likafumbuka kidogo tu, limezeeka, na mvumo ukatoka katika spika. Jua lilikuwa limekwisha tua, saa ambayo mawimbi mafupi husafiri mbali. Mjukuu akautupa waya juu ya mnazi. Mwalimu mwenyewe alishika kifundo. Zikapita filimbi, mikwaruzo, muziki uliokuja na kuondoka, kisha sauti ya mwanamume akisoma habari kwa Kiarabu, mbali lakini safi. Mwalimu akazungusha kifundo cha sauti mbele kidogo, kisha kidogo tena, bila kuambiwa, kama mtu aijuaye njia ya nyumbani gizani.

Wakasikiliza hata yule mtu akamaliza.

Alipofungua mkoba wake ili alipe, mzee alitaja bei ya kapasita peke yake, naye mwalimu hakubishana. Lakini kabla ubao haujafungwa, alitoa kalamu, akaielekeza kwenye karatasi, chini ya mstari wa mwisho wa baba yake, ambapo palikuwa na nafasi ya vidole viwili.

"Andika ya leo."

Mzee akavaa miwani. Akaandika tarehe, idadi ya kapasita na gharama yake, na kwamba EZ80 imerudishwa. Akasita, kisha kwa mkono wake wa kushoto akaandika: "6V6 imeachwa. Kuukuu. Niliitia mimi, Desemba 1967." Akatia sahihi yake, akaukaza ubao kwa parafujo nne, na mjukuu akaibeba redio hadi kivukoni.